Programu huria za vyama vya ushirika zinahitaji mratibu na mapendekezo yaliyoandikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu jambo ambalo walimu wa kompyuta, wanafunzi wa vyuo na watendaji wa vyama vya ushirika tunalizungumza mara kwa mara huku Mtwara na Lindi, lakini tunalizungumza kwa upande mmoja tu. Tunaambizana kwamba programu huria ni mkombozi wa taasisi zisizo na fedha nyingi, kwa kuwa leseni zake zinamruhusu mtu yeyote kuutumia msimbo (yaani maandishi ya maelekezo ambayo programu imejengwa kwayo), kuusoma, kuubadilisha na kuugawa kwa wengine, na kwamba kwa sababu hiyo vijana wetu wanaweza kutengeneza hapa hapa kile ambacho zamani kilinunuliwa Dar es Salaam au nje ya nchi. Hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Ninachokiona kikiachwa nje ya mazungumzo ni kazi inayofuata baada ya msimbo kuwekwa wazi, yaani kuwapanga watu wanaotaka kuchangia na kuyashughulikia mapendekezo yao ya maboresho, kazi ambayo haina leseni ya bure na ambayo ikikosa mwenyewe programu hufa hata kama iliandikwa kwa ustadi mkubwa.

Hoja yangu ni kwamba kila mradi wa programu huria unaotegemewa na wananchi uwe na utaratibu ulioandikwa wa kupokea pendekezo, kulijadili, kulijibu kwa kutoa sababu na kulihifadhi hata likikataliwa, na kwamba awepo mtu mmoja anayefahamika, anayelipwa kwa muda wake, ambaye dhamana yake ni kuhakikisha hakuna pendekezo linalobaki bila jibu.

Nachukua mfano ninaoufahamu kwa karibu. Kikundi cha vijana wa hapa Mtwara, ambacho mimi ni miongoni mwa wanaokisaidia, kinatunza programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za mizani kwa ajili ya vyama vya msingi. Mkulima analeta korosho ghalani, zinapimwa, karani anaandika kilo na daraja, mkulima anapewa risiti, na jumla ya siku inaandamana na mzigo unaopelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Programu imeandikwa kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu za kompyuta, na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida bila intaneti, kwa sababu karani hawezi kuisimamisha foleni ya wakulima eti mtandao umekatika. Kwa maana ya ufundi si programu ngumu, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanaweza kuusoma msimbo wake na kuuelewa. Ugumu wake wote uko kwa watu.

Msimu unapokaribia, kila mtu hukumbuka alichokuwa anakitaka. Karani wa Tandahimba anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, mwenzake wa Nanyumbu anatuma picha ya skrini bila neno hata moja la maelezo, na katibu wa chama fulani anampigia simu moja kwa moja kijana anayemfahamu, naye kijana kwa kumheshimu mzee anaubadilisha msimbo usiku huohuo na kumpelekea toleo jipya kwenye flashi. Ujumbe wa sauti unafunikwa na salamu na matangazo ya misiba, ile picha hakuna anayejua inalalamikia nini, na lile toleo la kwenye flashi linabaki kwenye ghala moja tu. Mwisho wa wiki jumla za vyama viwili jirani zinakokotolewa kwa namna mbili tofauti, na chama kikuu kinauliza ni nani anayesema kweli. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mlolongo huo wote, na kila mmoja alidhani anasaidia.

Naomba nikae kidogo kwenye pendekezo moja, kwa sababu linaonyesha vizuri kwa nini kuandika si urasimu. Makarani waliomba kitufe cha kufuta rekodi. Ombi lao lilikuwa la haki kabisa: mtu aliyesimama kwenye mizani tangu asubuhi huandika kilo 86 badala ya 68, mkulima keshaondoka na risiti, na programu haina njia ya kurekebisha. Kwa mwandishi wa msimbo hiyo ni kazi ndogo ya jioni moja. Laiti ombi lingepita kwa njia ya simu kama mengine, kitufe kingekuwepo kesho yake na wote wangeshukuru.

Lakini ombi hilo lilipitia kwenye fomu tuliyokubaliana, fomu inayomtaka mwenye pendekezo aeleze tatizo kabla ya kueleza suluhisho, ataje ni nani linaowagusa, aandike njia nyingine alizozifikiria na kwa nini aliziacha, kisha aseme rekodi za misimu iliyopita zitaathirika vipi. Fomu ikasomwa na watu ambao si waandishi wa msimbo, wakiwemo wajumbe wa bodi ambao wenyewe ni wakulima, na hao ndio walioona kile ambacho vijana hawakukiona, kwamba kitufe kinachofuta kosa la karani ndicho hicho hicho kinachoweza kumeza kilo za mkulima usiku ghala likiwa limefungwa. Sisi tunaoishi kusini hatuhitaji kuelezwa maana ya mizani isiyoaminika, kwa kuwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, umekuwa ukipimwa na wakulima kwa swali hilo hilo la kama kilo alizoleta mtu ndizo kilo atakazolipwa. Mjadala ukamalizika kwa uamuzi ambao wahasibu wameutumia vitabuni tangu enzi za karatasi: rekodi ya kwanza haifutwi kamwe, inaandikwa rekodi ya pili ya sahihisho inayobeba jina la aliyeirekebisha na sababu yake, na mkulima anapewa risiti mpya inayoitaja ile ya zamani. Pendekezo la kitufe cha kufuta lilikataliwa, tatizo lililoibua pendekezo hilo likatatuliwa, na fomu pamoja na mjadala wake vikahifadhiwa kwenye hazina ya msimbo mahali ambapo kila mtu anaweza kuvisoma.

Faida ya kuhifadhi kilichokataliwa huonekana baadaye. Vyama vya msingi hubadilisha makarani karibu kila msimu, na kila karani mpya huja na ombi la kitufe cha kufuta akiamini hakuna aliyewahi kuliwaza. Sasa halihitaji mjadala mwingine. Anaelekezwa kwenye pendekezo la zamani, anasoma sababu, na kama ana hoja mpya ambayo haikuzingatiwa anaiongeza. Kama hana, anaendelea na kazi yake akijua kwamba hakupuuzwa. Kwa waliokaa kwenye mikutano mikuu ya vyama vya msingi hili si geni, kwa maana muhtasari wa kikao ndio unaozuia ajenda ileile kufufuliwa kila mwaka na mtu ambaye hakuwepo.

Utaratibu wa namna hii hatukuubuni sisi. Jumuiya inayoitunza lugha ya Python ilianza mwaka 2000 kuyapa mapendekezo makubwa ya maboresho namba na muundo maalumu unaoitwa PEP (kifupi cha Kiingereza cha pendekezo la kuboresha Python), na katika muundo huo mwandishi hutakiwa kueleza kinachomsukuma, maelezo ya kiufundi, athari kwa programu zilizokwisha kuandikwa, pamoja na mawazo yaliyokataliwa njiani. Mtu ambaye si miongoni mwa watunzaji wakuu lazima ampate mmoja wao amdhamini, si kwa ajili ya kumbana, ila awe na mwenyeji wa kumwongoza. Mapendekezo yaliyokataliwa na yaliyoondolewa na waandishi wake yamebaki hadharani na namba zake hadi leo. Mwaka 2018 pendekezo namba 572, lililohusu namna ya kukipa jina kitu katikati ya usemi wa msimbo, lilizua mabishano makali, na baada ya kulikubali, Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, alitangaza mwezi Julai kwamba anaiacha nafasi yake ya kuwa na kauli ya mwisho. Ninalolistaajabia zaidi ni kilichofuata: jumuiya haikugawanyika, bali iliandika mapendekezo kadhaa yanayoshindana kuhusu namna ya kuongozwa, ikayapigia kura mwezi Desemba mwaka huohuo, na ikachagua mfumo wa baraza la watu 5 ambao unatumika mpaka sasa. Watu waliozoea kubishana kwa maandishi juu ya msimbo waliweza pia kubishana kwa maandishi juu ya madaraka.

Kwa waandishi wa Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, ambao walianza utaratibu wao wa mapendekezo mwaka 2014, kuna kipengele kimoja ambacho ningependa miradi ya huku iige bila kubadilisha hata nukta. Kabla ya pendekezo kupitishwa au kukataliwa, hutangazwa muda wa mwisho wa kutoa maoni wa siku 10, na tangazo hilo linasema wazi uamuzi unaelekea wapi. Asiyeafiki anajua kwamba huu ndio wakati wa kusema, na aliyenyamaza hawezi kudai baadaye kwamba alizungukwa. Karani aliyeko Liwale, ambaye bando lake huisha na ambaye kwa siku kadhaa huenda asione ujumbe wowote, anahitaji siku hizo 10 kuliko mhandisi aliyekaa ofisini Ulaya.

Nikirudi kwenye uratibu wenyewe, kuna suala la kalenda ambalo nusura litugombanishe na wenzetu wa Lindi. Wao wanauza ufuta, na ufuta huanza kupimwa ghalani karibu na mwezi Mei au Juni, wakati sisi mawazo yetu yote yako kwenye minada ya korosho inayofunguliwa Oktoba. Mchangiaji wa Ruangwa anapotaka zao la pili liongezwe kwenye programu, mwenzake wa Newala anaona anapoteza muda kwa jambo ambalo kwake si la haraka, na mchangiaji wa Newala anapovuruga sehemu ya risiti mwezi Mei akijiandalia Oktoba, anamkwamisha wa Ruangwa katikati ya msimu wake. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi kwa kuhimizana upendo. Yalimalizwa kwa kukubaliana kwamba kila mwaka kutakuwa na matoleo mawili, moja kabla ya ufuta na jingine kabla ya korosho, na kwamba baada ya tarehe iliyotangazwa hakuna jipya linaloingia isipokuwa marekebisho ya hitilafu.

Hapa pia tulikuwa na pa kujifunzia. Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) uliotangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, leo unapokea mabadiliko kutoka kwa maelfu ya wachangiaji, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, na bado toleo jipya la kiini chake hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Siri yake haina muujiza ndani yake. Kwa wiki 2 za mwanzo mambo mapya hupokelewa, kisha mlango hufungwa, na wiki zinazobaki hutumika kutoa matoleo ya majaribio, kwa kawaida moja kila wiki, mpaka hitilafu zinazofahamika ziwe zimepungua vya kutosha. Mabadiliko yaliyochelewa hayatukanwi wala hayatupwi, yanasubiri duru inayofuata. Zaidi ya hayo, ndani ya msimbo kuna faili linaloorodhesha kila sehemu ya mfumo na mtu anayeitunza, kiasi kwamba mwenye kutaka kurekebisha kiendeshi cha printa au mfumo wa mafaili anajua kazi yake aitume kwa nani, na Torvalds mwenyewe hupokea kazi iliyokwisha kuchujwa na watunzaji wa sehemu hizo. Faili la namna hiyo ni la kurasa chache kwa mradi mdogo kama wetu, lakini liliondoa kwa mara moja ile desturi ya kumpigia simu kijana unayemfahamu, kwa sababu sasa mzee akipiga, kijana ana cha kumjibu kwa adabu: sehemu ya risiti inatunzwa na fulani, mwambie karani aandike fomu nami nitaifuatilia.

Upo upande mwingine wa uratibu ambao vijana wetu huuona kama anasa, nao ni kurudisha maboresho kule msimbo ulikotoka. Karibu kila programu tunayoitengeneza imejengwa juu ya kazi za watu wengine. Mtu akirekebisha maktaba ya msimbo (msimbo ulioandaliwa tayari utumike ndani ya programu nyingine) inayochapisha risiti ili ikubali printa ndogo za bei nafuu zilizopo madukani, kisha akabaki na marekebisho hayo kwake, amejiwekea deni: kila maktaba hiyo itakapotoa toleo jipya atalazimika kuyaingiza upya, na siku akiajiriwa Dodoma hakuna atakayejua yalikuwa yapi. Akiwasilisha pendekezo kwa watunzaji wa maktaba hiyo, akaeleza tatizo, akaweka jaribio linaloonyesha kwamba marekebisho yanafanya kazi, na akavumilia maswali yao, mzigo wa kuyatunza unahama. Ndivyo ilivyo hata kwa tafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyozungumza Kiswahili, na nchi nzima ilikuwa na haki ya kujivunia. Lakini tafsiri ya programu haikamiliki siku ya uzinduzi, kwa kuwa kila toleo huleta maneno mapya ya kutafsiriwa, na programu yenyewe ya OpenOffice ilipita kwenye misukosuko pale mwaka 2010 sehemu kubwa ya wachangiaji wake walipojitenga na kuanzisha LibreOffice baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun Microsystems. Anayetafsiri peke yake, nje ya jumuiya inayotunza programu, huachwa nyuma na mabadiliko ya aina hiyo hata kama Kiswahili chake ni fasaha.

Kuna watakaosema kwamba vijana wanajitolea na kwamba kuzungumzia malipo ya mratibu ni kuleta tamaa mahali ambapo pana moyo. Ningewaomba wayatazame matukio mawili. Mwezi Aprili mwaka 2014 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani, zikiwemo za benki. Na ndipo watu walipogundua kwamba mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 za Marekani kwa mwaka. La pili ni la Machi 2024, kwenye programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Mtunzaji wake alikuwa akifanya kazi hiyo bila malipo na alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba uwezo wake wa kuishughulikia umepungua. Mtu aliyejiita Jia Tan alimsogelea kwa zaidi ya miaka 2, akachangia marekebisho ya kweli, huku majina mengine yasiyojulikana yakimlalamikia mtunzaji kwamba anachelewa kujibu na ampishe mwingine. Alipokabidhiwa madaraka, aliingiza humo njia ya siri ya kuvamia kompyuta. Iligunduliwa na mhandisi Andres Freund aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mlango ulifunguka kwa sababu ya uchovu wa mtu mmoja aliyeelemewa na mapendekezo ya wengi. Nami nauliza, programu inayobeba kilo za wakulima wa wilaya nzima, ikiwa mikononi mwa kijana mmoja anayejibu ujumbe usiku baada ya kazi yake ya mchana, ina tofauti gani na hiyo?

Ni kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi na wazo, ambalo limekuwa likitajwa na baadhi ya walimu wenzangu, la kumpa kila mwanafunzi alama kwa idadi ya michango anayoitoa kwenye miradi huria. Nia yake ni njema. Hata hivyo tunajua yaliyotokea Oktoba 2020 katika Hacktoberfest, tukio la kila mwaka lililoanzishwa na kampuni ya DigitalOcean, ambapo washiriki waliahidiwa fulana kwa kutuma michango minne. Miradi mingi ilifurika mabadiliko ya kipuuzi, kama kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye maelezo ya utangulizi, na watunzaji wakapoteza siku zao kuyakataa mpaka waandaaji walipobadilisha kanuni na kuhesabu miradi iliyojiandikisha kwa hiari tu. Mwanafunzi wa Mtwara anayetaka alama hatakuwa tofauti na kijana wa kwingine anayetaka fulana. Kama chuo kinataka kutoa alama, kizitoe kwa pendekezo lililoandikwa vizuri na kujadiliwa hadi mwisho, hata likikataliwa, kwani huko ndiko mwanafunzi anakojifunza kusikiliza watu wanaotumia anachokitengeneza. Binafsi ningempa alama za juu yule aliyekwenda ghalani akakaa na karani siku nzima kabla ya kuandika mstari wowote.

Sidai kwamba kila jambo lipite kwenye fomu. Kosa la tahajia kwenye risiti, hesabu inayotoa jibu lisilo sahihi, au programu inayojifunga yenyewe ni hitilafu, na hitilafu inaripotiwa na kurekebishwa bila siku 10 za kusubiri. Fomu ni kwa ajili ya yale yanayobadilisha jinsi watu wanavyofanya kazi au yanayogusa rekodi zao: aina mpya ya makato, zao jipya, ruhusa ya nani aone nini. Mpaka kati ya makundi hayo mawili wakati mwingine hubishaniwa, na hapo ndipo mratibu anapoamua. Kuhusu lugha, mapendekezo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa anayeijua kazi ya ghala ni karani na mkulima, na ukimlazimisha kuandika Kiingereza utapata pendekezo la mtu mwingine. Yale yanayohitaji kupelekwa kwa watunzaji wa nje yatafsiriwe na mratibu au mchangiaji anayejiweza.

Kwa hiyo ninaviomba vyama vikuu vya ushirika vya mikoa yetu miwili, pale vinapoingia makubaliano na vikundi vya vijana au kampuni ndogo kutengeneza programu, viache kulipia msimbo pekee na viweke ndani ya makubaliano kifungu cha mratibu kwa msimu mzima, pamoja na sharti kwamba msimbo, fomu na maamuzi yote vibaki mahali ambapo chama kinavimiliki, visiwe kwenye simu ya mtu. Ninawaomba wafadhili wanaokuja na miradi ya miaka miwili waeleze tangu mwanzo ni nani atakayejibu mapendekezo mwaka wa tatu. Na ninaviomba vyuo vilivyopo Mtwara na Lindi, ambavyo vina walimu wa kudumu wasioondoka msimu ukiisha, vifikirie kukubali dhamana ya kuwa wenyeji wa uratibu huo, angalau kwa programu moja kwa kuanzia, kwa makubaliano ya maandishi na chama kikuu husika.

Fomu yetu ya mapendekezo pamoja na faili la watunzaji vimo ndani ya hazina ya msimbo chini ya leseni ileile ya programu, na chama chochote kinaruhusiwa kuvichukua, kuvibadilisha na kuvitumia bila kutuomba ruhusa. Wakiona kuna kilichopungua, watuandikie pendekezo, litajibiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kompyuta,
Mtwara-Mikindani